Kushikiza: jina la hatua ya kwanza kabla ya hadubini

Vichupa 12 vilikuwa vimepangwa ndani ya friza, kila kimoja na lebo yake: aina ya mahindi, tarehe, saa ya kukata. Kijana aliyevipanga alikuwa ameamka gizani, akaingia shambani kabla ya jua kuchomoza, akapasua mashina ya mihindi na kutoa mbelewele changa ambazo zilikuwa bado zimefunikwa na majani. Alifuata karatasi yangu ya maelekezo mstari kwa mstari. "Mwalimu, nimegandisha saa 24 kama ulivyoandika," akaniambia, na alikuwa na haki ya kujisifu kwa usafi wa kazi yake.

Ni kweli nilikuwa nimeandika "gandisha". Nilikusudia azitose mbelewele ndani ya mchanganyiko wa ethanoli na asidi asetiki, akiacha dawa ile iingie mpaka ndani ya seli na kuzisimamisha pale zilipofika. Dawa yenyewe niliitaja ukurasa wa pili. Hakuigusa, maana hakuona inahusianaje na kugandisha. Kwake kugandisha ni barafu, na hata mimi nikiambiwa nigandishe samaki sitafuti asidi. Tulipoziyeyusha mbelewele zile na kuziweka chini ya hadubini, tulikuta rojo. Maji yaliyomo ndani ya seli yalikuwa yamegeuka vipande vya barafu vyenye ncha kali, vikatoboa kila ngozi na kila utando. Msimu wa mbelewele changa ni siku chache tu, na siku zile zilikuwa zimepita.

Kosa lilikuwa la neno, na neno nililichagua mimi. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta jina la hatua hii, na makala haya ni hesabu ya nilikofika.

Maabara nyingi za Afrika Mashariki husema "kufiksi". Neno limetoka Kiingereza, nacho kimelirithi kutoka Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kuchomeka au kupigilia kitu kikae mahali pake. Wanaohitimu vyuo vikuu wanalitumia bila shida, kwa kuwa wamesomeshwa kwa Kiingereza tangu sekondari. Lakini anayekata mbelewele saa 12 asubuhi mara nyingi si mhitimu wa chuo kikuu. Ni kibarua mzoefu wa shamba la majaribio, au fundi wa mbegu aliyeishia kidato cha nne, mtu anayeijua mihindi kuliko profesa wake. Mtu huyo akiambiwa "fiksi" anapokea sauti tupu. Anaweza kuikariri na kuitii, ila neno lenyewe halimwelekezi popote mambo yanapokwenda kombo. Tena kufiksi huko huko ndiko Kiingereza kinakotumia kwa bakteria wa mizizi ya mikunde wanaochukua nitrojeni hewani, na kwa dawa ya wapiga picha wa zamani ya kuituliza picha kwenye karatasi. Mambo matatu yasiyo ndugu yanabanwa kwenye neno moja. Kiswahili hakilazimiki kurithi msongamano huo. Kwa nitrojeni mimi husema kunasa, na mkulima huelewa papo hapo.

Tuanze na jambo lenyewe, ndipo tulipe jina.

Ukikata kiungo cha mmea, hakifi wakati ule ule. Seli zinaendelea na kazi bila maji ya mizizi, zinaanza kulegea, na vimeng'enya vilivyokuwa vimefungiwa sehemu moja vinavuja na kuila seli kutoka ndani. Katika jani la kawaida, hasara ya nusu saa unaweza usiione. Katika viungo vya uzazi unaiona, kwa sababu mambo unayoyatafuta ni ya muda mfupi na hayajirudii. Chukua kifuko cha chavua cha muhindi, yaani kile kichwa cha stameni. Ndani yake seli mama za chavua zinagawanyika kwa namna ambayo hupunguza kromosomu kutoka 20 hadi 10. Mgawanyiko huo hutokea mbelewele ingali imefichwa ndani ya majani. Ukisubiri mbelewele ichomoze na kuyumba juu ya shamba, umechelewa: chavua zimekwisha kuumbwa. Wakulima wa mpunga wana usemi wa hatua hiyo ya kufichika. Husema mpunga una mimba. Ndivyo ilivyo kwa muhindi pia, na anayetaka kuona kromosomu zikijipanga jozi jozi lazima aende kwenye mimba, si kwenye ua.

Basi hatua ya kwanza baada ya kukata ni kuisimamisha seli ghafla, ife huku kila kitu kikiwa mahali pake, na kibaki mahali pake wakati wa misukosuko yote ijayo: kuoshwa, kunyweshwa alkoholi, kutiwa nta, kukatwa vipande vyembamba, kupakwa rangi, kubanwa kwa kioo. Hapo kuna mambo mawili, kifo cha haraka na kudumu kwa umbo. Vitabu vya zamani vya Kiingereza viliyataja yote mawili pamoja, kuua na kufiksi, na nadhani waandishi wake waliona sawasawa. Mbelewele iliyokaushwa juani imekufa pia, lakini umbo la ndani limekwenda nayo.

Dawa ninayoitumia sana kwa mbelewele ni rahisi kutengeneza: sehemu 3 za ethanoli safi kwa sehemu 1 ya asidi asetiki kali, ile ile inayoipa siki ukali wake, ila hii haina maji. Ethanoli inafyonza maji na kuzifanya protini zigande. Ikiachwa peke yake inaisinyaza seli. Asidi asetiki inaingia upesi, inaitanua seli, na inazikamata kromosomu vizuri sana. Moja inavuta, nyingine inasukuma, na seli inabaki karibu na ukubwa wake. Huchanganywa siku ile ile ya kutumika, kwa kuwa vimiminika hivyo viwili vikikaa pamoja vinaanza kuungana na kuwa kitu cha tatu chenye harufu ya matunda, na nguvu ya dawa inapungua.

Dawa hiyo hujulikana kwa jina la John Bretland Farmer, mtaalamu wa mimea wa Uingereza. Ni Farmer huyo huyo ambaye mwaka 1905, pamoja na J. E. S. Moore, aliupa ule mgawanyiko wa kupunguza kromosomu jina linalotumika duniani hadi leo, meiosisi. Walilichota kwenye Kigiriki, kutoka neno lenye maana ya kupungua, na tahajia yao ya mwanzo ililazimika kurekebishwa baadaye. Nalitaja hili kwa makusudi. Watu waliotengeneza dawa ndio waliokaa chini kutafuta neno, na hawakuona kazi ya pili kuwa ndogo kuliko ya kwanza. Kabla yao Jean-Baptiste Carnoy, padri wa Ubelgiji aliyefundisha Leuven, alikuwa na mchanganyiko wake wenye klorofomu ndani, na wengi bado wanachanganya majina ya dawa hizi mbili.

Sasa tuyapime maneno.

"Kugandisha" niliachana nalo kwa machungu, maana lina ukweli ndani yake. Maziwa yakitiwa ndimu yanaganda. Asidi imezikusanya protini zake. Ethanoli na asidi asetiki hufanya jambo la jamaa hiyo ndani ya seli. Lakini nje ya friza pia lina kasoro. Si kila dawa inagandisha. Fomaldihaidi inashona: inaunganisha protini moja na jirani yake kwa madaraja madogo, bila kuzifanya mabonge. Ndiyo sababu tishu iliyopita kwenye fomalini, yaani fomaldihaidi ndani ya maji, huonyesha mambo membamba ambayo ethanoli ingeyavuruga. Neno likisema "ganda" linaiacha nje nusu ya kazi.

"Kuhifadhi" ndilo neno la hospitali na la makumbusho: nyoka kwenye chupa, kipande cha nyama kinachosubiri kupelekwa kwa daktari. Ubaya wake ni kwamba kuhifadhi ni hatua nyingine. Baada ya saa 24 ndani ya dawa, mbelewele zangu nazihamishia kwenye alkoholi ya asilimia 70 na kuziweka mahali pa baridi, na huko ndiko kuhifadhi. Nikiziita hatua zote mbili kwa jina moja, kijana wangu ataruka ya kwanza aende moja kwa moja kwenye ya pili, na nitapata hasara tena, safari hii hasara ya bei ya alkoholi.

"Kukaza" lina historia inayolitetea. Mwaka 1893 Ferdinand Blum, daktari wa Frankfurt, alikuwa akijaribu fomaldihaidi kama dawa ya kuua vijidudu. Akaona ngozi ya vidole vyake imekuwa ngumu, kama ya kitu kilicholowekwa ndani ya alkoholi. Vidole vyake vikamfundisha kwamba dawa ile ingeweza kukaza tishu za maabara, na tangu hapo fomalini haijaondoka mezani. Hata hivyo ugumu si lengo letu. Ni kitu kinachokuja pamoja na lengo, na kikizidi ni hasara: kokwa changa iliyokaa sana kwenye alkoholi kali inakatika vumbi chini ya wembe. Tena sikio la Kiswahili likisikia "kaza" linawaza kamba, skrubu na mwendo.

Neno nililofikia ni kushikiza.

Nililipata kwa fundi cherehani. Alikuwa akiunganisha mkono wa gauni. Kabla ya kuipitisha nguo kwenye mashine alichoma pini hapa na pale, akapitisha uzi kwa mishono mirefu iliyoachana, ili kitambaa kisihame wakati sindano inapokimbia. Nikamuuliza anafanya nini. "Nashikiza," akasema, bila kuinua macho. Anashikiza kwa kuwa kitambaa laini kina tabia ya kuteleza, na kikiteleza milimita chache mkono unakaa upande. Ile ndiyo kazi ya dawa yetu. Tishu changa ni kitambaa kinachoteleza, na mbele yake kuna mashine nyingi.

Neno hili lina ndugu wanaolisaidia. Mwashi husema zege limeshika, au bado halijashika. Mpaka rangi wa kanga husema rangi imeshika. Maabara nayo itakuwa na maneno mawili mafupi ya hukumu ambayo kila mtu anayajua: kifuko hiki kimeshika vizuri, kile hakijashika. Na kitakachotokea hatua ya rangi kitasemwa kwa kitenzi kile kile, kwa kuwa tishu isiyoshikizwa haishiki rangi vizuri. Dawa ni dawa ya kushikizia, kitendo ni ushikizaji, na sijalazimika kubuni kiambishi chochote kigeni. Darubini, kinachoona mbali, ilitoka Kiajemi na kuingia Kiswahili bila kelele, na hadubini ikaja na mkia ule ule. Kushikiza hakuhitaji hata safari hiyo. Kumo nyumbani tayari.

Kuna pingamizi moja la haki, na nimeambiwa na watu ninaowaheshimu. Mishono ya kushikizia hufumuliwa kazi ikiisha, lakini dawa haifumuliwi. Nakubali kwamba mfano unaishia hapo. Ila istilahi haibebi kila upande wa neno la zamani. Kifaru cha vita hakina pembe wala hakili majani, na hakuna askari anayechanganyikiwa. Kinachotakiwa ni upande unaobebwa uwe ndio wenye maana, na upande huo ni huu: kushika vitu mahali pake kabla ya kuvifanyia kazi.

Neno zuri linapaswa pia kumwongoza mtu mikono, kwa hiyo nilieleze kama ninavyolitumia kazini.

Mbelewele changa ikitoka kwenye majani ni nyeupe kama ndani ya ndizi mbichi. Inatumbukizwa kwenye dawa palepale shambani, si baada ya kufika ofisini. Dawa iwe nyingi, mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tishu, kwa sababu maji ya mmea yanaipunguza nguvu. Ukitazama chupa utaona vipande vingine vinaelea. Kinachoelea kina hewa ndani, na palipo na hewa dawa haijaingia. Kwa mbelewele hewa hutoka yenyewe. Kwa ovari nene, ambazo mbegu zake changa zimejificha katikati, hukatwa kidogo pande mbili na kuwekwa kwenye chombo cha kuvuta hewa kwa pampu mpaka zizame. Mafundi wangu sasa husema "bado hazijashika, zinaelea", na sikuwafundisha sentensi hiyo.

Saa 24 zikipita, kazi ya kuangalia inaanza. Kila kiua cha mbelewele kina vifuko 3 vya chavua, na vyote vitatu huenda pamoja kwa umri. Unachukua kimoja, chenye urefu wa milimita 2 hivi, unakiweka kwenye slaidi, unadondoshea tone la asetokamini, rangi nyekundu inayotokana na wadudu wadogo wanaoishi kwenye mipungate. Unakata ncha na kukikamua kwa sindano ya chuma. Sindano yenye kutu kidogo ni bora, kwani chembe za chuma zinaikoleza rangi. John Belling alionyesha faida ya chuma hicho mwanzoni mwa miaka ya 1920. Maganda unayaondoa, unafunika kwa kioo chembamba, unapitisha slaidi juu ya mwali wa spiriti bila kuacha ichemke, kisha unaibana kwa kidole gumba juu ya karatasi ya kunyonya maji. Bana wima. Kidole kikiteleza upande, seli zinajiviringisha na hazifai tena.

Ikiwa umefika kwa wakati na tishu ilishika, utaona seli za duara zenye rangi ya waridi hafifu, na katikati ya kila moja nyuzi nyekundu zilizolala mbili mbili. Kwa njia ya namna hii, kwenye vifuko na chavua za mahindi, Barbara McClintock aliweza kuzitambua kromosomu zote 10 moja moja kwa urefu na umbo, na kulichapisha hilo mwaka 1929. Kazi yake na mahindi ndiyo iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Vifuko viwili vilivyobaki vya kiua kile kile unavirudisha kwenye chupa. Ukipata hatua unayoitaka, una vingine viwili vya umri huo huo.

Kwa upande wa mbegu changa njia ni ndefu zaidi: alkoholi kwa ngazi mpaka maji yote yatoke, kisha zailini, kisha nta ya parafini iliyoyeyushwa, kisha maikrotomu inayokata utepe wa vipande vya mikromita 10 hivi. Ni kwa vipande vya namna hiyo, vya mayungiyungi na jamaa zake, Sergei Navashin alitangaza mwaka 1898 kwamba katika mimea ya maua utungisho ni wa mara mbili: mbegu ya kiume ya kwanza hukutana na yai, na ya pili hukutana na viini vya katikati ili kujenga chakula cha kiinitete. Unga wa ugali wetu ni matokeo ya utungisho huo wa pili. Tukio hilo hupita upesi, na lingepotea machoni pake kama tishu zake hazingeshikizwa kwa wakati.

Neno moja la tahadhari kwa wanaotumia fomalini badala ya dawa ya Farmer. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka fomaldihaidi mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ishikwe kwa glavu, chini ya kifyonza mvuke, na isimwagwe kwenye sinki. Inayoshikiza protini za ua inashikiza pia za pua na macho yako.

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na hatua ile ilitupa msingi. Kilichobaki hakiwezi kumalizwa na wanakamusi peke yao, kwa kuwa hawakati mbelewele. Wewe unayefanya kazi hii, ukiwa na neno bora kuliko kushikiza, nakuomba ulijaribu kwanza kwa mtu ambaye hajawahi kuona maabara: mwandikie mstari mmoja, umpe chupa, uondoke, urudi kesho yake uone amefanya nini. Karatasi yangu, mstari wa pili, sasa inasema: "Tumbukiza mbelewele kwenye dawa ya kushikizia hapo hapo shambani, ziache zishike kwa saa 24, zisiwekwe kwenye friza." Misimu minne imepita, na vichupa vyote vimefika salama.